Sauna ya kuni shambani Ufini na kuzama kwenye barafu: mwongozo kamili

Mfini akikualika kwenye mökki, nyumba yake ndogo ya mapumziko kando ya ziwa, sauna, kile chumba cha mbao cha kukaa kwenye joto kali mpaka jasho litoke, imo ndani ya mwaliko hata kama hakuitaja. Nchi ile ya watu milioni 5.5 hivi inakadiriwa kuwa na sauna milioni 3, na Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wake wa sauna kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mjini nyingi ni za umeme, zimo humo humo kwenye maghorofa, na zinawashwa kwa swichi. Shambani kuna kuni, mawe, ndoo ya maji ya ziwa, na nje, msimu wa baridi ukikolea, kuna tundu lililokatwa kwenye barafu. Tundu hilo huitwa avanto, na utalisikia likitajwa tangu unaposhuka garini.

Mwongozo huu ni wa sauna hiyo ya shamba. Wageni wengi hufika wakidhani kazi ni mbili: kuvumilia joto, kisha kuthubutu baridi. Ipo ya tatu, kukaa nje kwenye baraza bila kufanya chochote, na hiyo ndiyo wanayoiruka. Kwangu mimi hiyo ndiyo yenyewe. Joto na maji ni njia ya kufika pale kwenye baraza.

Kabla ya yote, afya

Nimeitanguliza sehemu hii kwa makusudi, maana huko porini gari la wagonjwa linaweza kuwa mbali.

Joto la sauna peke yake halina matata kwa mtu mzima mwenye afya. Utafiti wa Kuopio uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wanaume 2,315 wa makamo kwa takriban miaka 20, ukaona kwamba walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kwa moyo kusimama ghafla kwa kiwango kidogo kuliko walioingia mara moja tu. Hilo halithibitishi kwamba ni sauna iliyowakinga, na wale walikuwa watu wa sauna tangu utoto. Maji ya barafu ni habari nyingine kabisa. Ngozi ikikutana ghafla na maji ya nyuzi 1 au 2, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kupenda, mapigo ya moyo hukimbia, mishipa hujikaza na presha hupanda papo hapo. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, kifafa, au pumu inayochokozwa na baridi ayaache maji hayo, na hata joto alizungumze na daktari kwanza. Mjamzito naye aliache tundu, na la joto amuulize mkunga au daktari wake.

Lipo jambo ambalo mwenyeji wako huenda hajawahi kuliwaza, nalo ni selimundu. Baridi ya ghafla na kupungukiwa maji mwilini ni vichocheo vinavyojulikana vya maumivu makali ya ugonjwa huo, na hapa vyote viwili vipo. Mwenye selimundu asizame, hata kwa kubembelezwa. Kama ugonjwa uko kwenye ukoo na wewe hujawahi kupima, pima kabla hujaanza michezo hii.

Pombe iache hadi umalize kabisa. Utaona wenyeji wakifungua bia kati ya raundi, lakini hao unawajua wewe? Mwili wako ndio unaoujua. Halafu pakua programu ya 112 Suomi kwenye simu. Ukipiga 112 kupitia hiyo, kituo kinaona ulipo, na vichochoro vya msituni havina jina la mtaa la kumtajia mtu.

Pa kwenda, na lini

Njia bora ni mwaliko. Usipoupata, kodi mökki na wenzako, mgawane gharama. Kabla ya kulipa uliza mambo manne: sauna ni ya kuni (puusauna) au ya umeme, kuni zimo kwenye bei, tundu huwekwa wazi na nani, na choo kiko ndani au nje. Choo cha nje usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri ni mtihani kuliko ziwa lenyewe.

Asiyetaka kwenda mbali anaweza kuanza na sauna za umma zilizo kando ya maziwa. Tampere kuna Rauhaniemi, kwenye ziwa Näsijärvi, ambako wanawake na wanaume huingia pamoja wakiwa na nguo za kuogelea. Kuopio kuna Jätkänkämppä, sauna ya moshi kwenye ufuko wa Kallavesi. Vyama vya waogeleaji wa barafu viko karibu kila mji wenye ziwa, na vingi hufungulia wageni siku fulani kwa tiketi ya kawaida tu. Faida ya kuanzia huko ni kwamba ngazi ni imara na kuna watu waliozoea pembeni yako.

Kwa majira, mimi ningekuambia Machi. Barafu kwa kawaida bado ni nene, jua limerudi, na saa kumi na moja jioni bado unaona unapokanyaga. Desemba mchana ni mfupi mno na barafu bado changa. Aprili inadanganya: barafu ya machipuo huonekana nene, kumbe imeoza kwa ndani. Kwa barafu ngumu, sentimita 5 hubeba mtu mmoja, lakini anayejali usalama husubiri zifike 10. Usiikanyage kabla mwenyeji hajaikanyaga.

Na kama unaogopa kweli, anza Agosti. Ziwa huwa na nyuzi 18 au 20, unaingia kama mtu yeyote. Ukiendelea kuingia kila wiki maji yakipoa, kufikia barafu mwili umeshajifunza wenyewe.

Mzigo wako

Chukua khanga mbili au kikoi, na taulo moja kubwa. Pamba ndiyo inayofaa. Nguo za nailoni hushika joto na kukwaruza ngozi. Khanga ya kwanza ni ya kukalia, maana haikaliwi mbao tupu, kwa usafi na kwa makalio yako. Ya pili ni ya kujifunga.

Ongeza soksi nene za sufu au viatu vya raba vya kuingilia majini, ndala za kutembelea, kofia ya sufu na chupa ya maji. Kofia utaivaa humo humo ndani ya joto, na usione haya. Inakinga masikio na inakinga nywele. Dada zangu wenye rasta za bandia au wigi, hili ni lenu hasa: nywele za plastiki zikikaa karibu na dari zinapata moto, na zikilowa ziwani hukaa na maji yanayoganda kichwani ukiwa bado njiani kurudi. Funga juu, vaa kofia, kichwa kisiguse maji.

Vua cheni, hereni, bangili na saa kabla ya kuingia. Chuma hushika moto haraka, na mkufu mwembamba unaweza kukuachia alama ya duara shingoni. Mafuta ya kujipaka subiri hadi mwisho, kwa sababu ukiingia umepaka utateleza kwenye mbao na utaacha madoa.

Kuhusu kuwa uchi: kwenye familia, Wafini huingia bila nguo, na hakuna fikra za kimapenzi ndani yake. Wageni wa jinsia tofauti kwa kawaida hupeana zamu. Wewe hulazimiki. Sema mapema, kwa ufupi, kwamba utaingia na khanga, na hakuna atakayenuna. Wapo ndugu zetu waliooa au kuolewa huko, ambao baba mkwe huwaita saunani siku ya kwanza. Kwetu kumwona mkwe katika hali hiyo ni balaa, ila kwao mwaliko huo ni heshima, na kuukataa bila maelezo kunaumiza. Funga kikoi chako imara, ingia. Hata jina lake utaliita lile la kwanza, ndivyo wanavyoitana.

Kuwasha

Omba kushiriki. Mgeni anayebeba maji na kuni hupendwa haraka kuliko mgeni mwenye zawadi.

Anza kwa kukokota majivu ya jana, kisha hakikisha kifungio cha dohani kiko wazi. Jiko lenyewe, kiuas, lina mawe juu yake, na mara nyingi pembeni kuna tangi la maji ya kuogea. Lijaze tangi hilo kabla ya kuwasha, kwa maana tangi tupu likipigwa na moto huharibika. Maji yawe ya ziwa au ya kisima. Ya bahari yenye chumvi hula chuma.

Kuni nzuri ni za koivu, ule mti wa kaskazini wenye ganda jeupe linalobanduka kama karatasi. Ganda hilo lina mafuta na hushika moto hata likiwa na unyevu kidogo, kwa hiyo ndilo la kuwashia. Panga vipande vyembamba kwanza, acha nafasi ya hewa, washa. Moto ukishika ongeza vinene, na hujazwa tena mara mbili au tatu. Saa moja hadi moja na nusu hutosha, ila siku ya baridi kali anza mapema zaidi. Usiharakishe kuingia kipimajoto kinapoonyesha 80. Hewa imepata moto, mawe bado. Ngoja mpaka shehena kubwa ya mwisho imekuwa makaa, halafu tia gogo moja moja mkiwa mnaoga.

Kifungio cha dohani kisifungwe maadamu kuna makaa mekundu au ndimi za buluu. Makaa hayo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inayoua mtu akidhani amelewa usingizi. Ukisikia kichwa kinauma na kichefuchefu ndani ya sauna, toka nje na uwatoe wenzako pia.

Ndani ya joto

Oga kwanza, kwa sabuni kidogo na maji ya vuguvugu. Kunywa glasi mbili za maji. Ingia, funga mlango haraka, tandika khanga yako.

Benchi ziko ngazi ngazi, na tofauti ya joto kati ya miguuni na kichwani ni kubwa. Ya juu ndiyo ya wazoefu. Kaa ya chini raundi ya kwanza, au panda juu na ukunje miguu ili mwili wote uwe kwenye joto moja. Aliyezoea kupiga nyungu atashangaa mwanzoni, kwa sababu hewa ni kavu, hakuna mvuke wa kuonekana, na unajiuliza kuna nini cha maana. Subiri kata.

Aliyekaa karibu na ndoo huchota kata ya maji na kuyamwaga juu ya mawe, taratibu, sehemu tofauti tofauti. Mawe yakiwa sawasawa husikii mchemko mrefu. Unasikia mlio mfupi mzito, kisha kimya. Sekunde mbili, tatu, hakuna kitu. Halafu joto linashuka kutoka darini. Linaanza na ncha za masikio, linapita shingoni, linafika mabegani kama limevaliwa, na jasho lililokuwa linasitasita linafunguka lote kwa mara moja. Hiyo ndiyo löyly. Inamisha kichwa, ziba pua na mdomo kwa kiganja, pumua polepole. Baada ya nusu dakika imepungua.

Kabla ya kumwaga wewe, uliza: *Saako heittää lisää löylyä?* Unaomba ruhusa ya kuongeza. Kata moja, ungoje. Mgeni anayemwaga tatu mfululizo ili aonekane jasiri huwatoa wenzake nje kabla yake, na hilo halisahauliki.

Dakika 8 hadi 12 zinamtosha anayeanza. Usihesabu dhidi ya mwenzako. Mwaka 2010 huko Heinola mashindano ya dunia ya kukaa saunani, yaliyofanywa kwenye nyuzi 110, yalimuua mshindani mmoja wa fainali na kumjeruhi vibaya mwingine, na hayajafanyika tena. Ukihisi kizunguzungu, moyo kugonga hovyo, au jasho kukatika ghafla, shuka. Inuka kwa hatua mbili: kaa benchi ya chini kidogo, ndipo usimame.

Majira ya joto utakutana pia na vihta, kitita cha matawi mabichi ya koivu. Hulowekwa maji, kisha mtu hujipiga nacho mgongoni na miguuni. Hakiumi, kinanukia vizuri, na majani yake yatakushikamana mwilini mpaka kesho.

Ukimya usikusumbue. Wafini wana msemo kwamba saunani hukaa kama kanisani, na ingawa siku hizi wanapiga soga, hakuna anayetarajia ulijaze pengo. Simu ibaki nje.

Kuingia majini

Hapa fuata utaratibu, na usiufuate peke yako. Lazima mtu mwingine awe amesimama kwenye barafu, amevaa, anakutazama.

Toka saunani, kaa barazani dakika moja au mbili pumzi itulie. Usitoke mbio moja kwa moja hadi tundu, kama inavyoonekana kwenye video. Vaa soksi au viatu, kwani nyayo zilizolowa huganda na barafu, na barafu iliyolowa huteleza vibaya. Tembea polepole kwenye mkeka au mchanga uliomwagwa. Ngazi ikiwa na vishikio vya chuma, valia glavu. Kwenye baridi kali mkono wenye maji hugandia chuma, na kuubandua ni kuacha ngozi.

Geuka uso utazame ngazi, kama unavyoshuka kisimani. Sasa linakuja jambo moja ninalokuomba ulikumbuke hata ukisahau mengine yote: toa pumzi unaposhuka. Pumzi ndefu, kwa mdomo, kama unapuliza chai. Maji yatakapofika kiunoni mwili utataka kuvuta hewa kwa kishindo. Wewe endelea kutoa. Fika mabegani, mikono ukiipenda ibaki juu, maana vidole ndivyo vinavyouma kuliko vyote. Vuta kidogo, toa tena kwa urefu. Mara tatu, nne. Hofu ya mwanzo hushika sekunde za kwanza, na kama pumzi iko mkononi mwako itaanza kulegea.

Ndipo utoke. Sekunde 10 kwa mara ya kwanza ni nyingi, 30 ni za kujivunia. Usingoje uchoke. Dalili kwamba umezidisha ni vidole visivyoshika ngazi, na zikifika hapo tayari umechelewa. Usirukie, usitangulize kichwa, usiogelee kuelekea chini ya barafu hata kwa mzaha: juu yako hakuna pa kutokea.

Ukifika kiunoni na moyo ukakataa, rudi. Hakuna atakayekucheka. Jimwagie ndoo moja, au jisugue theluji mikononi na miguuni. Wenyeji wengi hawaingii majini kabisa na sauna yao ni kamili.

Barazani

Hapa ndipo mgeni hukosea, hukimbilia ndani akitetemeka. Jifute, jifunge taulo, vaa kofia, kaa. Mwili uliotoka kwenye nyuzi 80 ukapita kwenye nyuzi 1 hauhisi baridi ya hewa kwa dakika kadhaa. Utaona mvuke ukitoka mabegani mwako. Mikono inawasha, kifua kimefunguka, na akili imetulia namna ambayo hata usingizi hauileti. Kunywa maji. Kaa dakika tano, au kumi kama hakuna upepo.

Jihadhari na jambo moja. Baridi huendelea kupenya ndani hata baada ya kutoka, kwa hiyo kutetemeka huja kwa kuchelewa. Kukianza, rudi saunani, benchi ya chini, na usimwage maji mpaka umeacha kutetemeka.

Raundi mbili au tatu zinatosha. Wazamaji wakongwe hupenda kumalizia na maji. Anayeanza amalizie na joto, kisha akae nje mpaka jasho likauke kabisa, ndipo avae. Ukivaa bado unatoka jasho, nguo zitalowa na baridi itakushika njiani.

Ukikutana na sauna ya moshi

Savusauna haina dohani. Huwashwa kwa saa nyingi, mara nyingi nusu siku, moshi ukijaa chumba, kisha moto unaachwa uzime, moshi unatolewa na maji ya kwanza humwagwa kabla ya mtu kuingia ili kuondoa gesi iliyobaki. Joto lake ni laini na hudumu usiku kucha. Kuta ni nyeusi kwa masizi, basi usiegemee, na khanga nyeupe iache nyumbani. Kuiwasha ni kazi ya mwenyewe tu, kwani nyingi zimeungua.

Baada ya hapo

Njaa itakuja kwa fujo. Kawaida ni soseji zilizofungwa kwenye karatasi ya alumini zikaiva juu ya mawe au kwenye makaa. Nyingi zina nyama ya nguruwe, kwa hiyo Muislamu aje na za kwake au aweke samaki, ambaye anaivia vizuri humo humo. Kula kitu chenye chumvi, kunywa maji mengi, jipake mafuta mwili mzima.

Saidia kufunga. Mwagia benchi maji safi, fagia majani, acha mlango wazi kidogo ili mbao zikauke, jaza kapu la kuni la atakayefuata. Kifungio cha dohani kifungwe makaa yakiwa meusi, na kama huna hakika kiache wazi hadi asubuhi. La mwisho ni tundu lenyewe: kifuniko kirudi mahali pake, na matawi ya msonobari yasimikwe kulizunguka, maana usiku litaganda utando mwembamba, theluji itaufunika, na asubuhi mtu anayepita na skii, zile mbao za kuteleza juu ya theluji, hataona kitu.